Kiwiko cha Skolastika

Ilikuwa misa ya kale ya Kilatini, isiyopigiwa kinanda: sauti nne zinaingia moja baada ya nyingine, zinafukuzana bila kugongana. Akikosea mmoja, wimbo wote unaanguka. Miaka kumi na miwili Perpetua hakuwahi kuhesabu mapigo. Skolastika, aliyesimama kando yake kwenye kwaya, ndiye aliyekuwa akimgusa kwa kiwiko, naye anaingia. Leo Skolastika alikuwa ndani ya jeneza, mbele ya altare.

Sauti ya kwanza ilishaanza kupanda. Mwalimu wa kwaya alikuwa amewageukia wanaume.

“Mama, tunaingia lini?” alinong’ona binti mgeni aliyesimama mahali pa marehemu.

“Nifuate mimi,” alijibu Perpetua.

Akavuta pumzi, na kabla hajatoa sauti, kiwiko chake kilikuwa kimeshamgusa binti ubavuni.