Kipande Nje ya Friza

Shemsa hakutulia. Aliizunguka meza ya maabara, akakaa, akasimama tena.

Chini ya sindano za kipimo kililala kipande cha silikoni, kidogo kama ukucha. Kilipigwa mionzi makusudi, ili ijulikane kama kingehimili kuishi ndani ya mashine ya kugonganisha chembe. Tangu hapo kilitunzwa kwenye friza, kwa sababu kikipata joto majeraha yake huanza kupona, na kipimo hudanganya.

Kombo, mwenzake wa zamu, aliinamia skrini. "Ebu tazama! Umeme unaovuja umepungua. Kimepata nafuu hiki! Tuandike kimefaulu."

Shemsa angeweza kunyamaza.

"Hakijafaulu," alisema. "Asubuhi nilikisahau mezani. Dada yangu alipiga simu."

"Yule msiyesemeshana naye?"

"Huyo huyo. Aliniita jina tu, nikakata. Nikatoka nje, nikawa nazungukazunguka uani. Niliporudi, jua la dirishani lilikuwa limeshakifikia."

Kombo akashusha pumzi, akazima kipimo. "Basi hakitufai tena. Kirudishe tu, tutaomba kingine."

Shemsa akavaa glavu, akakiinua kipande kwa kibanio, akafungua friza. Baridi ikampiga usoni. Nyuma yake simu yake ikaanza kutetemeka mezani, palepale penye jua.

"Ni yeye," Kombo alisema.

Shemsa hakugeuka. Hakukiweka kipande ndani, wala hakuufunga mlango.