Ugonjwa wa Gari la Bibi Harusi

Tangu kijiji cha Nyabiyonza, gari kuukuu lililombeba bibi harusi lilikuwa likitoa mlio wa ajabu, mmm, mmm, kama ndama anayeota maziwa.

Muhangi, dereva, alizima injini katikati ya ukungu. Akaweka ncha moja ya fimbo kwenye injini, nyingine sikioni, akafumba macho, mganga kamili.

"Linaumwa nini?" akauliza shangazi wa bibi harusi kutoka kiti cha mbele. "Na huyo wa nyuma mbona halii? Binti asiyelia akiondoka kwao ni aibu ya ukoo. Nitamrudisha leo hii!"

"Taratibu, mama. Mgonjwa hapigiwi kelele."

Injini ilikuwa kimya kabisa. Mlio uliendelea.

Muhangi aliufuata hadi nyuma. Bibi harusi, kafunikwa blanketi gubigubi, alikuwa akijiimbia wimbo, na kidole gumba cha mguu, kilichochungulia nje, kikipiga mapigo polepole juu ya mkungu wa ndizi.

Mlango wa mbele ukalia. Shangazi alikuwa anashuka.

"Lia, dada," Muhangi akanong'ona. "Lia upesi!"

Kidole kikaganda. Kisha blanketi likatoa kilio kilichoinua vichwa vya ng'ombe bonde zima.