Jaruba Lisilo na Mtu

Kulastara, ndege wa miguu mirefu, hakumwamini kiumbe yeyote mwenye miguu. Asubuhi moja alitua kwenye tuta la shamba la mpunga akachungulia. Upande huu wanawake walikuwa wakipalilia pekupeku na kupiga soga, huku Yangeyange, ndege mwenzake mweupe, akiwafuata nyuma, akidonoa vyura waliokurupuka. Upande wa pili palikuwa na jaruba la maji kimya. Mwenye jaruba alikuwa ndio kwanza anatoka humo, mabuti ya mpira miguuni na bomba la dawa mgongoni. Kulastara alifurahi kuona kisogo chake.

"Njoo huku, kaka," aliita Yangeyange. "Hawa hawana neno."

"Wamekupa nini hata uwaitie wageni?"

"Hawajanipa kitu. Ila maji ambayo mwenyewe haingizi mguu mtupu, mimi siyaingii."

Kulastara alicheka kimoyomoyo. Ananitisha, alijisemea, ili abaki na pa kulia peke yake. Akarukia jaruba lile. Loo! Samaki walikuwa wakielea ubavuubavu, hawakimbii, wanangoja kumezwa tu. Akameza wa kwanza, akameza wa pili. Wa tatu alikuwa mdomoni miguu ilipoanza kumlegea na macho kuingia kiwi.

Yangeyange aliona, akaja akipiga mbawa kwa nguvu. "Tema, kaka! Tema upesi!"

Ahaa, aliwaza Kulastara, kumbe muda wote alikuwa anamtaka samaki huyu. Akammeza haraka, asije akaporwa.