Anneth wa Ukutani

"Mwongeze urefu," Agripina alisema, na mchoraji Marcel akashusha brashi kwa mara ya tatu wiki hiyo.

"Mama Anneth, juzi nimemwongeza kiganja kizima. Hata mgomba haukui hivi."

"Mwongeze. Baba yake alikuwa akiinama hata kwenye mlango wa kanisa."

Ukuta wenyewe ulikuwa mpya, mrefu kama malori matatu yaliyofuatana. Ulijengwa kwa ushuru wa soko la Lusahunga, kuitenga bustani ya watoto na barabara ya Rusumo. Zamani watoto walichezea kando ya lami, kwenye vumbi ambalo ukifungua mdomo kusalimia, umeshashiba mpaka kesho. Mwaka huu wafanyabiashara wakakubaliana na halmashauri: sehemu ya ushuru ilete pembea, miti ya kivuli, jukwaa la ngoma, na ukuta wa picha. Kila mlipa ushuru aliruhusiwa kuleta picha ya mwanawe ichorwe.

Wengine walileta, wakasahau. Agripina, muuza maharage, alikuja kila siku. Picha yake ilikuwa ndogo, ya paspoti: mtoto wa kike mwenye sare za shule na kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Aliitunza ndani ya bahasha ya kaki kubwa kama sinia, yenye mhuri wa hospitali, na bahasha hiyo hiyo ndiyo aliyojipepea nayo, ameketi juu ya ndoo ya rangi, kitenge kimemzunguka mara mbili.

"Ushuru wa soko zima unaishia kwenye miguu ya mtoto mmoja!" Kazimili, mziba pancha, alipiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

"Wako haumo!" Agripina alimjibu. "Mtoza ushuru akitokea, wewe unaingia ndani ya tairi."

Soko likacheka mpaka dereva mmoja wa lori akasimama kuuliza kuna harusi ya nani.

Marcel akamwongeza mtoto urefu. Kesho yake akaambiwa amvue sare, amvalishe gauni la mtu mzima. Juma lililofuata Agripina mwenyewe alisimama ukutani, visigino vimegusa tofali, kiganja juu ya kichwa.

"Anipite hapa. Kidogo tu."

"Mtoto wa darasa la kwanza akupite wewe?"

"Ushuru nimelipa, sijalipa?"

"Umelipa."

"Basi anipite."

"Si umlete nimwone kwa macho?"

"Yuko kwa bibi yake, Murusagamba. Anazoea."

"Anazoea nini?"

"Ndizi za kule," alisema, akageukia barabara.

Mchana huo Kazimili alimvuta Marcel pembeni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Fundi, wewe mgeni hapa. Huyu mama tuko naye mwaka mzima. Nani amemwona huyo mtoto? Mhuri wa bahasha umeuona? Mtoto alishakufa. Mama anamkuzia ukutani."

Toka hapo Marcel hakubisha tena. Ndizi na maharage aliyoletewa na Agripina kila adhuhuri, mama akimtazama anavyokula bila yeye kugusa hata tonge, alivila polepole kama chakula cha msibani. Alipoambiwa, "Sasa mbebeshe mtoto mgongoni," alichanganya rangi.

"Anaitwa nani huyu mdogo?" aliuliza kwa sauti ya kumbembeleza mtu aliyevunjika.

"Hilo atachagua mama yake."

"Na hapa pembeni pao? Nikuchore wewe?"

"Pabaki peupe. Pana mwenyewe."

Jambo moja tu ndilo lililomkosesha Agripina subira. Kila siku aliuliza kazi itaisha lini.

"Kabla ya mvua," Marcel alisema.

"Mvua ni mbali. Fanya haraka, baba. Nakuomba."

Marcel akaacha watoto wa wengine, hata wa diwani, akamaliza wa Agripina. Siku ya mwisho mama alisimama mbele ya ule ukuta mpaka maharage yake yakauzwa na jirani. Akamtazama mwanamke mrefu mwenye kovu juu ya jicho na mtoto mgongoni. Akamgusa shavu kabla rangi haijakauka, akaondoka na kidole chenye rangi, hakukinawa.

Kesho yake hakuja sokoni. Wala juma lililofuata.

Siku ya kufungua bustani, ngoma za Kihangaza zililia jukwaani hata madereva wakazima malori. Watoto walipanga foleni ya pembea, na mbele yao Kazimili, aliyedai kuwa ushuru wake ndio ulionunua minyororo. Marcel alikuwa juu ya ngazi akimtafuta Agripina katikati ya vichwa vya watu.

Badala yake akamwona bibi kizee, vumbi la Murusagamba limempanda hadi magotini, amejifunga kitenge cha Agripina. Amemshika mkono mtoto wa kike. Wote wawili walikuwa wamenyolewa nywele, vipara vyao bado vyeupe.

Juu ya jicho la kushoto la mtoto palikuwa na kovu dogo.

Kazimili akaiachia pembea, ikaenda yenyewe.

Mtoto alipita kati ya watu moja kwa moja hadi pale palipobaki peupe. Akaegemeza mgongo, akagusisha visigino kwenye tofali, akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Kilifika kwenye fundo la mbeleko ya yule mwanamke wa ukutani.

"Shikamoo," alimwambia Marcel. "Mama alisema huyu ni mimi. Alisema kila mwaka nije nijipime hapa, na nisilie, maana yeye alishaniona nikiwa mkubwa."