Utando wa Mapera

Kabla posa haijajibiwa, shangazi wa mposaji, Bi Mwatima, alikuja kupima mkono wa Salha jikoni. Majirani walijaa uani, maana hakuna aliyetaka kusimuliwa. Mbele yao lilikaa sinia la mapera yaliyopondwa, yakachemshwa, yakaanikwa juani mpaka yakawa utando mwembamba, mwekundu.

Bi Mwatima akabandua kipande, akatafuna, akatema.

“Ngozi ya kiatu hii! Mwanetu aile au aivae?”

Kicheko kikapasuka. Mama Salha akainama kwa aibu.

Salha akaubandua utando wote, akamtupia shangazi mabegani kama mtandio.

“Mpelekee avae. Na mwambie posa yake nimeitema.”

Bi Mwatima akashika njia ya kwao, buibui linanata, nzi wanamsindikiza.