Sakafu ya Jikoni

Madini ya urani yalikuwa chini ya nyumba zao, na sheria iliiachia kila nyumba ichague namna ya kuyachimba. Shimo la wazi lilikuwa rahisi kuchimba, lakini lilimeza kila kilichokuwa juu yake. Handaki liliacha vya juu salama, ila lilikuwa ghali, kwa hiyo nyumba iliyolitaka ilifidia gharama kwa kumtoa mtu wake akachimbe bila ujira.

Nyuma ya jiko la Eufrasia palikuwa na kaburi la mtoto wao, Tasiana.

"Tuseme shimo, baba Tasiana," alimwambia mumewe Gervas. "Yeye tutamhamisha."

"Tumhamishie wapi? Kila tuendako kuna urani."

"Na wewe je, ukichimba huko chini?"

"Mimi nimeshachagua handaki. Usinipikie tu ule uji wako mwepesi."

Eufrasia hakucheka.

Tangu hapo, sakafu ya jikoni ikitetemeka, hujua ni Gervas na wenzake wanatoboa mwamba, naye huendelea kutwanga. Ikitulia, husimamisha mchi.

Leo imetulia tangu asubuhi. Ugali umepoa. Eufrasia amevua kandambili, anakanyaga sakafu kwa nyayo tupu, asije akakosa hata mtetemo mdogo.