Taa ya Mchana

Saa sita mchana, jua la Juni likiwa limejaa jikoni, mzee Jalaludin alikuwa amewasha taa tena dirishani.

Haikuwa ya umeme. Ilikuwa kikombe kidogo cha chuma chenye samli na utambi wa pamba, kama walivyotengeneza watu wa zamani. Mwanawe Shamez aliipuliza ikazima, akaitia kwenye sinki. Alikuwa amechoka hata kugomba.

"Bapa, utachoma jengo zima."

"Iache iwake, beta, mwanangu," mzee alisema. "Wakiiona, watakuacha upumue."

"Akina nani?"

Mzee alikwenda kutafuta kiberiti kingine.

Mambo yalikuwa hivyo tangu theluji ya nchi hii ya ugenini iyeyuke, na Shamez alikuwa na yake ya kumtosha. Duka lake la kukodisha filamu kule Don Mills lilikuwa limekufa, maana watu siku hizi walitazama filamu kwenye kompyuta zao, wala hakuna aliyetaka kuvaa koti kwa ajili ya diski. Alikopa kulifufua, kisha akakopa kulipa mkopo ule, mpaka maji yakazidi unga. Sasa alikuwa na miadi mjini Alhamisi asubuhi, ofisini kwa msimamizi wa ufilisi, akatie sahihi na kukabidhi kadi zake za mkopo zikatwe kwa mkasi. Baada ya hapo yeye na mkewe Arzina wangehamia chumba cha chini kwenye nyumba ya mtu.

Duka lile lilikuwa na jina la baba yake. Mzee mwenyewe alikuwa na duka Tabora ujana wake wote, na mpaka leo alipenda kusema kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufilisika. Ndiyo maana Shamez alimficha. Simu ya nyumbani aliichomoa ukutani kwa sababu wadai walipiga kutwa, akasema imeharibika. Gari lilipochukuliwa, akasema liko gereji. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini Shamez hakutafuta mtoto. Alitafuta kuiona kesho tu. Mzee aliitikia yote kwa upole, na Shamez akachukulia kwamba akili yake imeanza kuchoka.

"Anasahau kila kitu," Arzina alisema, "isipokuwa hiyo taa."

Jengo zima lilikuwa limeshaiona. Humo walikaa wazee wengi wa kwao, Wahindi waliotoka Tabora, Mwanza na Kampala, na dirisha la jikoni lilitazama njia waliyopita kwenda kusali. Wakaanza kuacha vyakula mlangoni: sufuria ya wali wa kichri, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa. Walibisha, wakaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Shamez aliona haya. Alijua wanamhurumia mzee aliyerukwa na akili, na alipokutana nao kwenye lifti aliangalia sakafu. Nao waliangalia sakafu.

Mtunza jengo akalalamika kuhusu moto, na daktari akaja. Alimwuliza mzee leo ni siku gani na mwaka gani, mzee akajibu bila kukosea. Kisha akamwuliza, Shamez akitafsiri, kwa nini anawasha taa mchana kweupe. Mzee alimtazama mwanawe. Daktari akarudia swali. Mzee akainamisha kichwa, na daktari akaandika.

Nafasi ilipatikana Weston, karibu na mto, katika nyumba ya wazee waliopotewa na kumbukumbu. Shamez alimweleza baba yake akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Hakukuwa na ugomvi.

"Nikienda huko, mzigo wako utapungua?" mzee aliuliza.

"Si mambo ya mzigo, Bapa. Ni usalama wako."

"Basi nitakwenda."

Jumatano Shamez alimpeleka. Mlango wa ghorofa aliyopangiwa ulifunguliwa kwa namba, na namba zile walizijua wauguzi tu. Mmoja wao alipekua mkoba wa mzee, akatoa viberiti na bunda la pamba. Mzee alimshika mwanawe begani, akamwambia kesho aende tu, asiogope. Shamez hakukumbuka kumwambia lolote kuhusu kesho, lakini siku hizi maneno ya baba yake hakuyapima tena.

Alasiri alirudi nyumbani, akakaa jikoni, akalia. Alimlilia baba yake, akalililia duka, akalililia jina. Jambo moja tu lilimfariji: mzee hatajua kamwe.

Mlango ulibishwa. Safari hii aliyebisha hakuondoka. Alikuwa Daulat Masi, bibi wa ghorofa ya chini aliyekulia jirani na Jalaludin huko Tabora, na mkononi alikuwa na sufuria. Aliketi, akatazama dirishani.

"Mmeizima," alisema. "Basi wadai wameshakuacha."

"Wadai gani, Masi?"

"Shamez, mimi ni mtu wa kwenu." Bibi alishusha sauti. "Zamani kwetu, mwenye duka akifilisika aliwasha taa ya samli mlangoni, mchana. Ukiiona, humdai mbele za watu, wala humwulizi kitu. Unampelekea chakula, unaangalia pembeni. Tulipoiona dirishani kwenu, wazee wote tulielewa kwamba baba yako anakusemea, maana wewe umeshindwa kusema."

Alimsogezea sufuria.

"Mzazi kuiwasha taa ile kwa mkono wake si jambo dogo. Niitie Jalaludin nimpe mkono. Yuko wapi?"